Mzee mwenzangu, nenda kituoni na kazi mkononi

Wiki ile niliyostaafu ualimu, binti yangu alinichukua akanipeleka kituo kimoja cha jamii hapa Unguja, nisije nikajifungia ndani. Nilipokewa kwa heshima kubwa. Nikapewa kiti cha mbele, soda na kipande cha keki, na kijana mmoja akasoma hotuba ndefu juu ya thamani ya wazee. Kwenye meza ya pembeni walikaa watoto wanne wakihangaika na desimali. Mimi nimesomesha hesabu miaka 33. Hakuna aliyeniuliza najua nini, na mimi sikusema. Adhuhuri nikarudi nyumbani, na sikutia mguu tena pale kwa miezi minane.

Miezi ile minane ndiyo inayonifanya niandike. Nimeona wenzangu wengi wanaipitia, wengine mpaka inakuwa miaka. Pahala pa kukaa tunapo, maana Unguja na Pemba barza, vile vibaraza vya kukaa na kuzungumza, hazijatuishia. Kinachotukosesha raha ni kukaa bila ya kuhitajiwa. Kwa hivyo maelekezo yote yaliyomo humu yanazunguka jambo moja: ingia kituoni ukiwa na kazi yako, hata ikiwa ndogo.

Anza kwa kujua vituo viko wapi

Ukisema "kituo cha jamii", watu hutazamia jengo lenye kibao mlangoni. Majengo ya namna hiyo yapo, na si mambo ya juzi. Raha Leo ilijengwa miaka ya 1940 kuwa kituo cha watu wa Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, na ukumbi wake. Lakini katika shehia nyingi, yaani mitaa na vijiji vyetu, kituo hakina kibao. Ni chumba kilicho ubavuni mwa ofisi ya sheha, mkuu wa shehia. Ni darasa la skuli watoto wakishatoka. Ni banda la ushirika wa akina mama wa mwani huko Paje au Jambiani, ambako asubuhi huanikwa mwani na jioni husemwa ya dunia. Ni chuo cha Kurani. Ni klabu ya taarabu: Nadi Ikhwan Safaa ipo tangu 1905, na katika klabu kama hizo mpiga fidla mkongwe na kijana anayeanza kushika udi hukaa benchi moja.

Barza nazo ni vituo, ingawa hakuna anayeziandika kwenye ripoti. Pita Jaws Corner, Mji Mkongwe, baada ya alasiri uone kahawa, dhumna na habari za mji mzima. Ila tuseme kweli: barza ya njiani ni ya wanaume zaidi. Mwanamke mzee atafute ushirika, kikundi cha kusuka ukili (ule mkanda wa majani ya mkindu unaoshonwa mkeka), darsa la akina mama au ua wa jirani ambao watu wamezoea kukusanyika.

Chukua siku tatu au nne uzungukie shehia yako kwa miguu, au umtume mjukuu mwenye akili. Jambo la mwanzo la kuuliza ni nani anashika ufunguo. Vituo vingi vipo wazi kwenye karatasi tu, na vimefungwa kwa kufuli kwa sababu mwenye ufunguo yuko shamba. Ukimjua huyo, umemjua mkuu wa kituo, awe na cheo au asiwe nacho. Kisha tazama choo kiko wapi na kina ngazi ngapi, maji yapo au hayapo, na jua la jioni linapiga upande gani. Haya usiyaonee haya. Mzee anayeogopa choo cha kituo hatakwenda mara ya pili, na hatasema kwa nini.

Na uulize kwa upole kama pahala hapo ni maskani ya chama. Kila mtu ana haki ya chama chake, lakini kituo ambacho jirani yako hawezi kuingia kwa sababu ya rangi za bendera kitakupunguzia nusu ya watu. Tafuta pahala panapoingiwa na wote.

Kaa chini uandike unachokijua

Chukua daftari la mjukuu, au mwambie akuandikie wewe useme. Andika kila kitu ambacho mikono yako au kichwa chako kinajua na ambacho kijana wa leo hakijui. Usichague kwanza, mimina tu. Kusuka ukili na kushona mkeka. Kushona kofia ya viua. Kusuka dema la kutegea samaki. Kusoma na kusomesha Kurani. Kuchambua karafuu bila ya kuacha makonyo. Kupika mkate wa kumimina usiokaa kama jiwe. Kutunga shairi lenye vina. Kupiga ngoma ya msewe, au kughani kibati kama kinavyoghaniwa Pemba. Kutaja nani alikuwa jirani ya nani kabla ya barabara kupita.

Wengi wataniambia "mimi sijui kitu, nilikuwa mama wa nyumbani tu." Mama aliyelea watoto saba kwa pato la karafuu na nazi anajua kupanga chakula cha mwezi kwa pesa kidogo, na kuna maharusi wengi mtaani wanaolia kwa kukosa elimu hiyo.

Halafu chagua kitu kimoja. Kimoja tu, na kiwe kinaweza kufanyika kwa saa moja, umekaa.

Nitatoa mfano wa bao kwa sababu nimeliona likifanya kazi kwa macho yangu. Jirani yangu mmoja, mvuvi wa zamani, hakusoma skuli hata siku moja. Alipotaka kwenda kituoni alisema hana la kutoa, isipokuwa bao. Nikamwambia nenda nalo. Bao lina mashimo 32 na kete 64, kila mchezaji kete 32. Unapoanza unaweka 6 kwenye nyumba, lile shimo lako kuu, mbili na mbili kwenye mashimo mawili yanayofuata, na mkononi zinabaki 22. Mtoto anayetaka kushinda inambidi ahesabu kabla ya kugusa: nikichukua tano hizi nitaishia shimo gani, nitakula, au nitalala, zamu iniishie? Hiyo ni hesabu ya kichwa niliyokuwa nikiipigia kelele darasani mpaka koo linakauka. Mzee yule akaweka sharti kuwa hakuna kuhesabu kwa kidole. Baada ya muda watoto wa darasa la tatu wakawa wanamzidi kasi kwenye namua, hatua ya mwanzo ya mchezo, na yeye anacheka mpaka machozi yanamtoka. Saa kumi jioni akichelewa wanakwenda kumgongea mlango. Mtu aliyekuwa akilala mchana kutwa siku hizi anagongewa mlango na watoto.

Kwa hivyo unapokwenda na bao, usende kucheza na wa rika lako tu. Kufanya hivyo ni kuihamisha barza. Waite watoto.

Mwone sheha, na uende na maneno yako tayari

Kwetu mlango wa mambo ya shehia ni sheha. Nenda asubuhi kabla jua halijawa kali, na uchukue kitambulisho chako cha Mzanzibari mkaazi. Tatizo ni kwamba masheha wamezoea mzee anayefika ofisini kuwa na shida, na ukiwa na haya utaondoka umeandikwa kwenye orodha ya msaada bila ya kusema ulichokijia. Sema mapema. Mimi nilikwenda hivi:

"Hodi! Assalaam alaykum."

"Waalaykum salaam. Karibu maalim, shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Leo sijaja kuomba. Nataka kujua watoto wa shehia hii wanakaa wapi jioni wakisoma, na nani anawasimamia. Nina siku mbili kwa wiki za kuwasaidia hesabu."

Alinyamaza kidogo, kisha akatoa simu akampigia mwalimu mmoja hapo hapo. Ombi lenye siku, saa na kazi ndani yake ni rahisi kujibiwa. "Nataka kushiriki katika jamii" ni maneno mazuri lakini sheha hajui ayafanyie nini.

Ukiwa hapo hapo, malizia na haki zako. Ikiwa umetimiza miaka 70 na hupati Pencheni Jamii, mwulize sheha namna ya kuandikishwa. Ilianza Aprili 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, na baadaye ikapandishwa kufikia 50,000. Hupewa mzee hata kama hakuwahi kuajiriwa, kwa hivyo mkulima na mama wa nyumbani wasijitoe wenyewe. Kwa wengi wetu hiyo ndiyo nauli ya daladala ya kwenda kituoni. Mwulize pia afisa ustawi wa jamii wa wilaya anapatikana wapi, na wanachama wa JUWAZA, jumuiya ya wastaafu na wazee Zanzibar, walioko karibu nawe ni nani. Zanzibar ina sheria ya mambo ya wazee tangu 2020, na wizara inayobeba jina la wazee pamoja na jamii, jinsia na watoto. Usiogope kuzitaja mtu akikwambia mambo ya wazee ni hisani.

Siku za mwanzo

Usende peke yako siku ya kwanza. Nenda na mmoja, shoga yako au mwenzio wa msikitini. Wawili mnapeana moyo, na mkiwa watano mtageuka kundi linalozungumza lenyewe kwa lenyewe. Kaa saa moja, kisha uage hata ukiona raha. Mwili wa miaka 68 hudai deni lake siku ya pili.

Nenda mara tatu kabla ya kuamua kama pahala pamekupendeza au hapakukupendeza. Mara ya kwanza wewe ni mgeni. Mara ya pili wanajaribu kukumbuka jina lako. Mara ya tatu atatokea mtoto atakayekuuliza kitu, na hapo ndipo utajua.

Sema unachohitaji, na ukiseme mwanzo. Kiti chenye mgongo, maana viti vya plastiki visivyo na mikono vimeshatuangusha wengi. Watu wazungumze upande wa sikio linalosikia. Kama una sukari, sema utakula saa ngapi. Vijana hawajui mambo haya na wengi wao wana nia njema kabisa. Kwenye daladala mwambie konda mapema unashuka wapi ili gari isimame sawasawa, na ukae karibu na mlango, kwa sababu zile ngazi za nyuma ziko juu.

Wakikulazimisha kukaa kiti cha mbele usikilize hotuba, kaa siku hiyo kwa adabu. Siku ya pili fika mapema kidogo, ukae pale penye kazi kabla ya wenyeji hawajakuchagulia pahala.

Saa na majira

Hapa ndipo mipango mingi ya wazee inapofia, na ndipo nitakapokaa zaidi, kwa kuwa wanaopanga ratiba mara nyingi hupanga kwa saa ya ofisi.

Kwa mjini, baina ya alasiri na magharibi ndiyo saa nzuri. Jua limepoa, watoto wametoka chuoni, wazee wameshalala kidogo. Ijumaa iacheni. Mwezi wa Ramadhani msijaribu kushikilia ratiba ya kawaida. Jioni ni ya kupika futari, usiku ni wa tarawehe. Kutaneni asubuhi kwa muda mfupi au mpumzike mpaka baada ya Sikukuu, na mtangaze siku ya kurudi kabla hamjaachana, la sivyo kikundi kitayeyuka.

Kwa watu wa pwani, kalenda yao ni ya maji. Siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hutoka mbali asubuhi, na akina mama wako pwani kwenye mwani, chaza na pweza, bibi wakiwamo. Kuitisha mkutano wa saa nne asubuhi siku hizo ni kuita viti. Ngojeni maji mafu, siku ambazo maji hayatoki mbali. Nimeona kikundi kimoja kilichobadilisha siku zake zikafuata mwezi badala ya Jumatano, na kikajaa bila ya kumbembeleza mtu.

Pemba ni karafuu. Karafuu zikija, kijiji kizima kinahamia mashambani, na anayeshika ufunguo wa kituo naye yuko juu ya mkarafuu. Hapana haja ya kugombana na msimu. Hamisheni kituo kiende kwenye jamvi la kuchambulia. Kuchambua ni kazi ya kukaa, hufanywa jioni na usiku, na vizee ndio wenye vidole vyepesi kuliko wote. Watoto wapo, taa ipo, kazi ipo. Hadithi, vitendawili na mashairi hutoka yenyewe. Ukitaka kijana akuandikie au akurekodi kwa simu jinsi mji wenu ulivyokuwa, hakuna saa bora kuliko hiyo. Mambo niliyoyasikia kwenye jamvi la bibi yangu, upande wa Wete, sijayasoma kwenye kitabu chochote mpaka leo.

Masika hayana dawa. Njia za udongo zikishalowa, mzee asitoke. Mvunjiko wa nyonga mmoja ni mwaka mzima kitandani.

Pesa

Hapa niwe mkali. Kila kituo kina michango, upatu au kikoba chake, na mzee mwenye pencheni huonekana mapema. Miezi mitatu ya kwanza usitoe zaidi ya mchango mdogo wa kahawa au chaki. Kabla ya kuingia kikoba, omba kuona daftari, na uangalie kama sanduku lina kufuli zaidi ya moja zenye funguo kwa watu tofauti. Vikundi vizuri hufanya hivyo na havichukii kuulizwa. Usitie saini wala dole gumba kwenye karatasi ambayo hujasomewa yote na mtu wa nyumbani kwako. Namba ya siri ya simu haijui mtu, awe katibu, awe mjukuu mpenzi.

Kama shehia yenu haina kitu

Basi anzeni barzani kwenu. Msianze kwa kuandika barua ya kuomba jengo. Nimeshuhudia barua za namna hiyo zikizeeka kuliko waliozitia saini. Tafuta watu watatu, wewe wa nne. Chagueni siku moja na saa moja, na kazi moja inayoonekana: kusomesha watoto, kusuka ukili, kupima presha kwa mashine ya nesi mstaafu aliyepo mtaani. Mwarifuni sheha kwa mdomo, ili asisikie kwa watu. Wekeni daftari la mahudhurio tangu siku ya kwanza, hata kama mko wanne.

Daftari hilo ndilo litakalokusemeeni baadaye. Mkifikisha miezi sita bila ya kukosa, mna kitu cha kumwonyesha mwalimu mkuu mkiomba darasa la jioni, na mna haki ya kufikiria kujiandikisha kwa Mrajis, msajili wa jumuiya, muwe jumuiya. Kabla ya hapo, usajili ni mzigo, maana unataka katiba, viongozi na vikao, na watu wanne watagombania uenyekiti badala ya kusuka. Tarehe 1 Oktoba, Siku ya Wazee Duniani, ni nafasi nzuri ya kualika watu. Ila siku hiyo wazee wawe ndio wanaofundisha, na wageni wakae jamvini wajifunze.

Wasioweza kutoka

Kuna wazee ambao kituo kiko hatua mia kutoka kwao nao hawafiki. Wanaoishi ghorofa za juu za Michenzani wanajua. Ngazi zile mtu huzishuka akifikiria namna ya kuzipanda. Wapo wenzetu wa nyumba za wazee za Sebleni na Welezo, na Limbani kule Wete, ambao hutembelewa kwa zawadi siku za sikukuu na hawaombwi kitu katikati ya mwaka. Yupo mjane aliye kwenye eda, miezi minne na siku kumi, ambaye siku ya kutoka hukuta mazoea yote yamekatika. Huyo mwekeeni alama kwenye kalenda, na shoga zake wawili wakamchukue wiki ile ile anayomaliza, kabla hajazoea upweke.

Kwa hawa wote, ipelekeni kazi nyumbani. Ukili unafaa kuliko kitu chochote nilichojaribu, kwa sababu husukwa kidogo kidogo na hushonwa pamoja. Kituo kinunue ukindu, kiuchemshe na kuutia rangi, kisha kila mzee apelekewe fungu lake. Anasuka akiwa kitandani, kwa kasi yake. Alkhamisi mtoto yule yule, asibadilishwe, anapita kuuchukua ukili uliokwisha. Anaupima kwa pima mbele ya mwenyewe, anaandika daftarini, anaacha ukindu mpya. Mkeka ukishonwa na kuuzwa, kila mmoja anapata kwa pima zake. Mwambieni mtoto asiwe na haraka ya kuondoka, na kama bibi anataka kumwonyesha namna ya kuunganisha miyaa, vile vipande vya ukindu vya kusukia, akae aonyeshwe.